Nani Atamlipia Mama Mboga?

Kenya ilipounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF, mwaka 1966, kazi ilikuwa nyepesi: mwajiri anakata mshahara, mfuko unapokea. Kuanzia 1972 waliojiajiri nao wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari yao, na shida za mawaziri wa afya zikaanzia hapo.

Bima huishi kwa michango ya wazima. Dereva wa boda boda aliyeachiwa uamuzi hujisajili mkewe anapokaribia kujifungua, na mtoto akishatoka hospitali malipo yanakoma. Ni vigumu kumlaumu. Shilingi 500 kwa mwezi, kiwango cha NHIF kilichowekwa 2015, zilikuwa unga wa siku kadhaa. Lakini maelfu wakifanya kama yeye, mfuko hubaki na wagonjwa, na anayeziba pengo ni mwalimu ambaye makato yake hayamsubiri akubali.

Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alitaka kumaliza mchezo huo kwa kumwingiza kila Mkenya katika bima moja ya lazima. Bunge lilipitisha mswada wake mwaka 2004, Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Hazina iliuliza pesa zitatoka wapi, na kampuni za bima binafsi hazikuwa na sababu ya kuushangilia. Miaka mingi ikapita huku familia zikiendelea kuitisha harambee za kulipa bili za hospitali.

Wazo lilirudi Oktoba 2023, William Ruto alipotia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. NHIF ikafutwa ili Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ishike nafasi yake, na asilimia 2.75 ya mshahara wote ikatwe bila kikomo cha juu. Awali, mwenye shilingi 100,000 na mwenye 500,000 walikatwa 1,700 sawasawa. Sasa wa kwanza hutoa 2,750 na wa pili 13,750. Kwa maoni yangu hilo ni haki iliyochelewa. Hata hivyo, walalamikaji wana hoja: mshahara huo huo unatozwa kodi ya mapato, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na tozo ya nyumba, na hospitali anayotibiwa mlipaji haijabadilika. Julai 2024 Mahakama Kuu iliiangusha sheria, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na SHA ikaanza Oktoba mosi.

Kelele za pesilipu, hata hivyo, zinawahusu wachache. Zaidi ya wanane kati ya kila Wakenya kumi wanaofanya kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi, ambako hakuna mhasibu wa kukata chochote. Asilimia 2.75 ya mapato ya mama mboga ni shilingi ngapi, ikiwa wiki hii sukuma wiki imenunuliwa na ijayo imeozea kwenye meza? Serikali ilijibu kwa dodoso: paa la nyumba, aina ya choo, maji yanakotoka, vitu vilivyomo ndani. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, nao unakadiria mapato na kutaja mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Hesabu hiyo husoma mali vizuri kuliko inavyosoma pesa taslimu. Bibi kizee wa kijijini aliyejengewa nyumba ya vigae na mwanawe anaweza kuonekana tajiri, ilhali mfukoni hana nauli ya kwenda zahanati. Kijana wa mjini anayepanga chumba cha mabati anaonekana fukara hata biashara yake ikichangamka.

Halafu kuna sharti la kulipa mwaka mzima mara moja. Lina mantiki, maana linamzuia yule wa kujiunga akiugua. Lakini kwa mtu anayehesabu faida kila jioni, 3,600 kwa mkupuo mmoja ni mtaji wa meza nzima. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao humkopesha mchango wa mwaka kisha akaurejesha kidogo kidogo. Mama mboga, aliyetakiwa kukingwa dhidi ya madeni ya hospitali, sasa ana deni la bima.