Kaya inayojitegemea hufanyaje? Niliyoyaona Krismasi wilayani Bariadi



Kila mwaka kuanzia Januari ofisi ya miradi hupokea barua zinazofanana. Usharika unaeleza kwamba mvua zilichelewa, akiba imekwisha, na kaya kadhaa zinaomba mahindi ya msaada. Barua hizo ni za kweli, na zipo kaya ambazo bila msaada huo watoto watalala na njaa. Lakini nyingi kati ya kaya hizo zilivuna Mei na Juni. Swali ambalo kamati zetu huliuliza mara chache ni hili: chakula kile kilikwenda wapi?

Krismasi iliyopita nilikwenda na familia yangu kwa baba mkubwa na mama mkubwa, kijijini wilayani Bariadi, tukakaa siku 9. Wao si matajiri. Wana ng'ombe wachache, shamba la pamba, mtama, mahindi na viazi vitamu. Huku kwetu Desemba ndiyo mwezi wa kuipima kaya, kwa sababu mavuno ya zamani yana miezi 6 na mapya hayajaonekana. Tulikuta kihenge cha mtama hakijafika nusu kushuka. Katika siku zile zote vilivyonunuliwa dukani vilikuwa chumvi, sukari, majani ya chai, kibiriti na vocha ya simu.

Nianze na viazi. Kiazi kitamu kikishachimbwa hakikai, na kikiachwa shambani ardhi ikauke na kupasuka, fukusi hukiwahi. Wasukuma wanalijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana tuna michembe na matobolwa. Kwa michembe, viazi huachwa vinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mwamba au mkeka hadi vikauke kabisa. Kwa matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Vikitunzwa pakavu hukaa miezi mingi. Maganda huliwa na mbuzi. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa, mboga ya kiangazi. Asubuhi ya Krismasi mama mkubwa alitupikia michembe kwa karanga za kutwanga, na watoto wangu, waliozoea mkate wa mjini, waliomba kuongezewa.

Mahindi yana adui wa peke yake. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania, alionekana nchini kwa mara ya kwanza mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo kihenge cha fito na udongo hakitoshi kuyalinda mahindi. Mdudu huyu hupenda mahindi na muhogo mkavu kuliko mtama. Kwa hiyo baba mkubwa huweka mtama kihengeni, na mahindi katika mifuko ya kinga njaa. Mfuko huo una tabaka 3: mifuko 2 ya plastiki ndani na kiroba nje. Ukifungwa barabara hewa haiingii, na wadudu waliomo hufa bila dawa yoyote. Sharti lake ni kwamba mahindi yawe makavu. Yakifungwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kipimo kinachoweza kufanywa nyumbani ni chupa kavu ya kioo: tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha acha kwa dakika chache. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Jambo la tatu ni ngitili. Baba mkubwa hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, nyasi na miti vikue, na kukifungua kiangazi kikikaza, kwanza kwa ndama na maksai wa kulimia. Humo hupata pia kuni, fito na dawa. Desturi hii ilikaribia kupotea. Misitu ilifyekwa kupambana na mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na uhamisho wa kwenda vijijini miaka ya 1970 ukawatenganisha watu na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, uliirudisha kwa kuwasikiliza wazee. Sisi wa miradi tungefanya vizuri kukumbuka kwamba mafanikio hayo yalianzia kwenye ujuzi uliokuwapo tayari kijijini.

Maji nayo ni hesabu rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Kanisa lenye paa la mita 10 kwa 20 hupokea lita 4,000 katika mvua moja ya milimita 20. Kwa baba mkubwa mfereji wa bati unaingia kwenye tangi. Makanisa yetu mengi hayana mfereji, na siku ya semina tunanunua katoni za maji ya chupa!

Lakini wafadhili wetu wasidhani kwamba maisha haya ni mteremko. Kumenya viazi, kuanika, kuanua mawingu yakikusanyika, yote ni kazi ya mama mkubwa na wakaza wana wake. Ada, matibabu na sare za shule hulipwa kwa fedha ya pamba, na bei ikianguka, hata mtama wa akiba huuzwa. Zipo pia kaya za wajane na wazee zisizo na shamba wala nguvu. Kuziambia hizo zikaushe michembe ni kuzidhihaki.

Kwa sababu hiyo ofisi haipendekezi kufuta fungu la chakula cha dharura. Inapendekeza ligawanywe: sehemu ibaki kwa kaya hizo zisizo na uwezo, na sehemu itumike mapema, mwezi Mei, kununua mifuko ya kinga njaa na vikaushio vya pamoja ili kuwapunguzia akina mama kazi. Maana yake ni kwamba Januari mahindi ya kugawa yatakuwa machache, na wanakamati ndio watakaokutana na watu mlangoni. Kamati zenye maoni, hasa zinazopinga, ziyalete kwa maandishi kabla ya mwisho wa Aprili. Viazi vikishaanza kuchimbwa tutakuwa tumechelewa.