Walivukaje Marenga Mkali kwa miguu?

Siku hizi mtu wa Dodoma akitaka kwenda pwani hupanda basi au treni. Zamani haikuwa hivyo. Watu walitoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji kwa miguu, kisha wakarudi kwa miguu. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200. Njia yao ilipita hapa kwetu, katika nchi ya Wagogo.

Je, waliwezaje? Tuitazame sehemu moja tu ya safari hiyo, nayo ni kuvuka pori la Marenga Mkali.

Pori lisilo na maji

Pori hilo liko magharibi ya Mpwapwa, ukipita Chunyo kuelekea Mvumi. Kwa Kigogo, malenga ni maji. Kwa hiyo jina lake maana yake ni maji makali, yaani maji ya chumvichumvi. Zamani msafara ulitembea kama kilomita 50 bila kupata maji mazuri ya kunywa.

Msafara uliotoka pwani ulifika hapo umekwisha kuchoka. Ulikuwa umetoka kupanda milima ya Rubeho, ambako njia ilifika kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipanda mlima huo. Speke alikuwa mgonjwa sana, hata ikabidi ashikiliwe na watu. Wapagazi walipanda njia hiyohiyo wakiwa na mizigo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Jamani, huo si mzigo mdogo!

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini tusisahau kwamba katika baadhi ya misafara walikuwamo watumwa. Hao walitembea kwa kulazimishwa.

Mwendo wa terekeza

Siku za kawaida msafara uliondoka alfajiri, ukapiga kambi kabla ya jua kuwa kali. Lakini katika Marenga Mkali mwendo wa asubuhi moja haukutosha kufika kwenye maji. Basi walibadili saa za kutembea.

Asubuhi walipumzika kwenye maji. Walipika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Alasiri jua lilipoanza kupoa, waliondoka. Walitembea mpaka usiku, wakalala porini. Usiku huo hawakuwa na maji ila yale ya kwenye vibuyu. Kabla ya kupambazuka waliondoka tena, wakafika kwenye maji siku ya pili. Mwendo huu waliuita terekeza. Mwaka 1871 Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alivuka pori hili kwa njia hiyo.

Kwa nini mwendo huu ulifaa? Mtu akitembea kwenye jua kali na mzigo mzito, jasho lake laweza kufika lita moja kwa saa moja. Na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mpagazi hakuweza kubeba maji ya kutosha juu ya mzigo wake. Alichoweza ni kupunguza jasho. Kwa terekeza, mchana wa jua kali ulimkuta yuko kwenye maji, na sehemu kubwa ya njia aliitembea wakati wa baridi.

Kazi ya kirangozi

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Njia ilipogawanyika, kirangozi aliziba njia isiyo yao kwa matawi, au alipiga mstari chini. Hivyo hata mtu wa mwisho, aliyekuwa mbali nyuma, alijua wenzake wamepita wapi.

Sheria hiyo iliokoa maisha. Mtu aliyepotea katika pori lisilo na maji hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Hata ugonjwa ulikuwa jambo la kuogopwa, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kutembea aliachwa njiani. Farquhar, mmoja wa wenzake Stanley, aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, akafia huko.

Hongo ya maji

Baada ya pori msafara uliingia katika vijiji vya Wagogo. Huko mtemi alidai hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita, na ulilipwa kwa nguo na vitu vingine. Wasafiri walinung'unika sana, na wengine waliandika kwamba Wagogo ni wanyang'anyi.

Lakini tufikiri vizuri. Nchi yetu hupata mvua miezi michache tu, tangu Desemba mpaka Aprili hivi. Visima vilichimbwa na wenyeji kwa jasho lao. Msafara wa watu mia kadhaa ukifika, huweza kumaliza maji ya kijiji kizima. Je, mwenye kisima asidai kitu? Na watu hao walinunua chakula hapohapo.

Misafara hii mirefu ilikwisha reli ilipokuja. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Tujifunze nini?

Hata leo tunapanda milima kwa miguu. Wengine hufuata kuni, wengine hutafuta ng'ombe, wengine huenda kijiji cha pili kwenye msiba. Mambo ya wazee wale yanatufaa bado:

1. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kuondoka, tena chukua mengine.
2. Tembea alfajiri na jioni. Mchana wa jua kali pumzika kivulini.
3. Mjua njia atangulie. Mtu mwenye nguvu awe wa mwisho, ili asiachwe mtu nyuma.
4. Mwendo uwe wa yule aliyechoka kuliko wote. Pole pole ndio mwendo.
5. Kwenye njia panda wekeni alama kwa ajili ya walio nyuma.
6. Ukifika kwenye kisima cha watu, omba kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini wapagazi waliondoka alasiri walipotaka kuvuka Marenga Mkali?
2. Je, hongo ya Wagogo ilikuwa haki au unyang'anyi? Toeni sababu.
3. Katika kijiji chenu, ni njia ipi isiyo na maji? Mtu afanye nini kabla ya kuipita?