Kwa Nini Ndizi Haina Mbegu?

Ukimenya ndizi umewahi kujiuliza mbegu yake iko wapi? Papai lina mbegu, embe lina kokwa, stafeli ndilo usiseme. Ndizi ina vidoa vyeusi tu katikati. Mimi sikuliwaza jambo hili mpaka migomba ya kisukari ya nyanya yangu, huku Msambweni, ilipoanza kufa mmoja mmoja. Majani yaligeuka manjano yakaning'inia, na shina ukilikata ndani ni rangi ya kahawia. Huo ni ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu inayokaa mchangani miaka mingi. Nyanya aling'oa, akapanda machipukizi mengine ya kisukari. Nayo yakafa.

Sababu ni hii: chipukizi si mtoto wa mgomba, ni mgomba ule ule. Ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Ili tupate aina mpya yenye kuhimili, lazima mbegu ipatikane, na hapo ndipo penye kazi.

Ndani ya kila seli mna vitu vidogo mno viitwavyo kromosomu, vinavyobeba urithi. Migomba ya porini ina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, na ndizi zake zimejaa mbegu ngumu kama changarawe. Migomba mingi tunayopanda ina 33, seti tatu. Mmea ukitengeneza chavua na mayai, kromosomu hujipanga mbili mbili kisha hugawanywa nusu kwa nusu. Hebu gawa seti tatu kwa mbili! Hesabu inakataa, mbegu haipatikani. Kwa mlaji ni raha, kwa mtafiti ni balaa.

Sasa sikiliza ujanja. Huchukuliwa mgomba wenye 22, ukafanywa uwe na 44, halafu ukazalishwa na mwingine wenye 22. Wa kwanza hutoa nusu yake, 22. Wa pili hutoa 11. Jumla ni 33: mgomba mpya, na ndizi zake hazina mbegu. Watafiti wa CIRAD, shirika la Ufaransa, hufanya hivyo katika kisiwa cha Guadeloupe. Jirani zetu Uganda, watafiti wa NARO na IITA walipata migomba ya 44 bila dawa, kwa kuwa matoke mengine hutoa yai lenye kromosomu zote 33, likaongezewa 11 za mgomba wa porini. Humo ndimo zilimotoka ndizi ziitwazo NARITA.

Na hiyo 22 huwaje 44? Kwa kolchisini. Mwaka 1937, huko Marekani, Albert Blakeslee na Amos Avery walieleza jinsi dawa hii inavyozidisha kromosomu za mimea. Kwa kawaida seli hunakili kromosomu zake, kisha nyuzi nyembamba huvuta nakala huku na huku ili zipatikane seli mbili. Kolchisini huzizuia nyuzi hizo zisiundike. Nakala zipo, mvutaji hayupo! Seli hubaki moja yenye 44. Dawa huoshwa, na seli huendelea kukua. Lakini si kazi ya siku moja. Vichipukizi vingine hufa, vingine huwa mchanganyiko, seli hizi 22 na zile 44, hivyo lazima vioteshwe tena na tena na kuchunguzwa.

Kumbe kolchisini imo pia katika ua la vichaka vyetu, lile jekundu lenye kingo za manjano, petali zimepinda juu kama ndimi za moto. Niliposikia hivyo nilitaka kuchemsha kiazi chake nimwagie mgomba wa nyanya. Mwalimu wa bayolojia akaniuliza, "Wewe wataka kuua mgomba ama kujiua mwenyewe?" Mmea wote ni sumu kali. Hata hospitalini, kolchisini hutolewa kwa kipimo kidogo sana kwa wagonjwa wa jongo. Tafadhali usiuguse, na uwaonye wadogo zako.

Tena dawa hii haiponyi ugonjwa. Hufungua mlango wa mbegu tu. Uwezo wa kuhimili lazima utoke kwa wazazi. Wataalamu wamegundua kuwa ndizi za Mlali za Zanzibar na Komoro, na Mchare wa Kilimanjaro, zenye kromosomu 22, ni jamaa wa mzazi mmoja wa Cavendish, ndizi inayouzwa zaidi duniani. Basi msomaji, ukiuona mgomba wa kizamani nyuma ya nyumba, usiukate ati hauna faida. Nyanya sasa amepanda mihogo pale, lakini bado anaulizia kisukari chake.