Kuingia kwenye kazi ya programu bila shahada ya kompyuta

Ujuzi wa kuandika programu za kompyuta hupimika waziwazi: mwajiri humpa mwombaji tatizo, kisha huisoma mistari aliyoiandika. Ndiyo maana kazi hii huwapokea hata walimu, wauguzi na makarani. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya wazo hilo. Ilichagua vijana kwa majaribio bila kudai shahada, ikawafundisha huku ikiwalipa, ikawaunganisha na kampuni za ng'ambo. Lakini Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya wanagenzi, wakiwamo wa Uganda, kwa sababu wateja walitaka wenye uzoefu.

Ugumu uko hapo hadi leo. Misingi hupatikana bure, kwa mfano kwenye masomo ya tovuti ya freeCodeCamp. Uzoefu wa kwanza ndio adimu.

Kwa mtu aliye mbali na miji, tuseme Keza wilayani Ngara, Tanzania, uzoefu huo ni bora uanzie kwenye shughuli anayoijua. Karani wa chama cha msingi cha kahawa anajua kilo zinavyopimwa na makato yanavyoandikwa. Akitengeneza programu ndogo ya hesabu hizo, ikatumika msimu mzima na kurekebishwa kila inapokosea, itakuwa na uzito zaidi kuliko rundo la vyeti vya kozi fupi. Mtandao ukikatika, programu hiyo lazima ihifadhi taarifa ndani ya simu na kuzituma baadaye. Na simu mbili zikiwa zimebadilisha hesabu ya mkulima mmoja, iamue ipi ni sahihi. Suala hilo huwasumbua hata wahandisi wazoefu, na aliyelitatua ana la kueleza kwenye usaili.

Mtunza takwimu wa kituo cha afya yuko karibu zaidi na mlango. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za afya Tanzania, ni programu huria: msimbo wake uko wazi kwenye tovuti ya GitHub. Anayeutumia kila mwezi huona kasoro ambazo mhandisi hazioni. Aanze kwa kuripoti hitilafu kwa usahihi, asahihishe maelezo, kisha atume rekebisho dogo. Kila mchango hubaki na jina lake na tarehe, na mwajiri wa Dodoma au Oslo anaweza kuusoma. Kiingereza cha kuandika hakikwepeki hapa.

Ajira ya kwanza mara nyingi huwa ya kupima programu au kufundisha watumishi kuutumia mfumo. Haifai kudharauliwa, kwani humweka mgeni karibu na msimbo na wanaouandika.