Taa ya injini haimaanishi ununue kompyuta

MWENYE pikapu kuukuu anayebeba mboga afikapo kwenye gereji za Kariobangi Light Industries, taa ya injini ikiwaka, huhofia kuambiwa anunue kompyuta mpya. Mara nyingi haihitajiki.

Marekani ililazimisha plagi ya aina moja ya uchunguzi kuanzia magari ya 1996. Hilux nyingi za petroli za kabla ya hapo, zilizo na kompyuta, hujieleza kwa taa hiyo hiyo. (Datsun 1200 na Peugeot 504 za kabureta hazina la kusema, hapo ni sikio la fundi.)

Fundi hufungua kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa waya, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Akikosea akagusa +B na E1, fyuzi huungua.

Taa ikimetameta mfululizo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatua, ikameta mbili tena, hiyo ni 22: njia ya kihisi cha joto la maji. Njia, wala si kihisi chenyewe. Hapa ndipo pesa hupotelea. Kihisi kizima hupimwa takriban ohmu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za selsiasi, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kipimo kikiwa sawa, waya au plagi yenye kutu ndiyo ya kushughulikiwa.

Baada ya kutengeneza, swichi huzimwa na fyuzi ya EFI kuchomolewa kwa angalau sekunde 10, kisha gari huendeshwa na taa kusomwa upya.