Tazama Ramani ya Zamani Kabla ya Kujenga

Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana. Katika wilaya za pwani ya ziwa huko Homa Bay na Migori watu waliona maji yakiingia katika mashamba ya mahindi, katika nyumba na katika gati za samaki. Wengi walisema jambo kama hilo halijapata kutokea. Lakini wazee waliolikumbuka jambo la zamani hawakusema hivyo. Kati ya mwisho wa 1961 na Mei 1964 ziwa hili lilipanda kiasi cha mita 2.5, na likakaa juu kwa miaka mingi kabla ya kushuka polepole. Ziwa lilipokuwa likirudi nyuma, watu waliifuata ile nchi kavu, wakalima na kujenga. Mwaka 2020 maji yalirudi kuchukua mahali pake.

Je, mkulima kijana asiyeyaona mambo ya 1961 atajuaje mahali ambapo maji yalifika? Njia ya kwanza ni kuwauliza wazee. Njia ya pili ni kutazama ramani za zamani. Njia hizi mbili zafaa kutumiwa pamoja.

RAMANI HIZO ZILITENGENEZWAJE?

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya kupima nchi zilizokuwa makoloni yake. Ndege zilipita juu ya nchi zikipiga picha mfululizo, na kila picha ilifunika sehemu ya picha iliyotangulia. Mchoraji alizitazama picha mbili kwa pamoja katika chombo chenye vioo viwili, naye akaona vilima vimeinuka na mabonde yameshuka, kana kwamba yuko angani. Wapima waliokwenda kwa miguu walitia vipimo vya vilele na majina ya mahali. Hivyo zikapatikana ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000, yaani sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Karatasi moja huonyesha nchi ya kilomita 28 hivi kila upande.

Ramani hizi huuzwa na kutunzwa na Idara ya Upimaji wa Kenya, Ruaraka, Nairobi. Unaweza pia kuuliza katika ofisi ya upimaji ya kaunti yako. Usitafute neno “Kaunti ya Migori” katika ramani ya zamani, maana kaunti zilianza kazi 2013. Nchi yote hii ilikuwa katika wilaya ya South Nyanza, na ghuba tunayoiita leo Winam iliandikwa Kavirondo.

KWANZA SOMA PEMBENI

Mtu akipewa ramani hutafuta kwao mara moja. Ngoja kidogo. Soma kwanza maneno yaliyo pembeni, hasa mwaka wa picha za ndege. Mwaka wa kuchapishwa ni jambo jingine. Ramani iliyochapishwa baada ya 1964 yaweza kuwa imechorwa kwa picha zilizopigwa kabla ya ziwa kupanda. Ukikosea hapo, utadhani ukingo ulioonyeshwa ni wa maji mengi, kumbe ni wa maji machache, nawe utajenga mahali pa hatari.

Mfano mwepesi ni Kisiwa cha Rusinga. Ramani iliyotoka katika picha za kabla ya miaka ya 1980 huonyesha maji matupu kati ya Mbita na kisiwa. Baadaye ilijengwa njia ya mawe na udongo kuvuka maji hayo, na baadaye tena likajengwa daraja. Ramani zote mbili ni za kweli, ila kila moja yasema habari za siku yake.

LINGANISHA MIAKA MIWILI

Chukua ramani ya zamani na ramani mpya, au picha ya setilaiti katika simu ya kijana wako. Tafuta vitu visivyohama, kama vile kilele cha kilima. Mjini Homa Bay kilima cha Asego chafaa sana. Kisha fanya hivi:

1. Weka karatasi nyembamba ipitishayo mwanga juu ya ramani ya zamani. Chora ukingo wa ziwa, mito, vinamasi na barabara.

2. Tazama mambo hayo hayo katika ramani mpya. Mahali palipokuwa na alama ya kinamasi na sasa pana nyumba, tia alama nyekundu.

3. Nenda kwa miguu mpaka mahali hapo pamoja na mzee wa kijiji. Tazama udongo, tazama kama mafunjo yamo, uliza maji yalifika wapi.

4. Uliza maana ya jina la mahali. Katika Kijaluo neno “wath” ni kivuko au mahali pa kutia mashua. Ukisikia jina la namna hiyo mbali kidogo na maji, uliza sababu.

Mjini Homa Bay utaona kwa nini jambo hili ni kubwa. Mji umebanwa kati ya ziwa na vilima, na kila unapokua watu hutamani nchi tambarare iliyo karibu na maji. Mjini Migori jambo ni mto. Mji ulikua kando ya barabara kuu iendayo Isebania na Tanzania, mahali inapovuka Mto Migori. Mto huo huungana na Mto Kuja, na chini huko Nyatike maji hutambaa katika nchi tambarare kabla ya kuingia ziwani. Linganisha mikunjo ya mto katika ramani mbili. Mahali mto ulipohama mara moja, waweza kuhama tena.

JAMBO AMBALO RAMANI HAIONYESHI

Mistari ya kimo huunganisha mahali penye kimo kimoja. Lakini mstari na mstari mara nyingi hutengana mita 20, basi kupanda kwa ziwa mita 2.5 hakuonekani katika mistari hiyo. Huna budi kupima mwenyewe. Twaa uzi, vijiti na pimamaji ya fundi mwashi. Kama ardhi yako hupanda mita 1 tu kwa kila mita 100, basi ziwa likipanda mita 2.5 maji yataingia mita 250 ndani. Katika ramani hiyo ni nusu ya sentimita, lakini shambani ni nyumba, ghala na zizi.

Neno jingine la kuangalia: usiichukue ramani hii kwenda kumshtaki jirani yako kwa habari ya mpaka. Haionyeshi mipaka ya mashamba. Mipaka ina ramani zake katika ofisi ya ardhi, zilizotengenezwa wakati wa kugawa na kuandikisha ardhi.

FAIDA YAKE

Baada ya kulinganisha utajua mambo matatu. Sehemu ambayo maji yaliwahi kufika haifai nyumba, choo wala kisima. Choo kikijaa maji ya ziwa, uchafu wake huingia katika maji ya kunywa, na kipindupindu hufuata. Lakini sehemu hiyo yafaa mboga za msimu au majani ya ng’ombe, kwa kuwa hata ikifunikwa hasara ni ya mazao ya mara moja. Sehemu ya juu ndiyo ya nyumba, ghala na miti ya matunda.

Ziwa lilipanda tena 2024, na hakuna mtu ajuaye mwaka litakapopanda mara nyingine. Kabla hujanunua kiwanja kwa bei rahisi karibu na maji, mwulize mwenye kuuza: “Mwaka 2020 maji yalikuwa wapi?” Kisha nenda ukaitazame ramani, halafu mtafute mzee aliyeishi hapo na umwulize neno lilo hilo. Wakisema mamoja, ramani na mzee, wasikilize wote wawili.