Makaa ya mawe yaoshwe yatakate? Bili yake si mchezo!

Jamani wasomaji wangu, kila nikisikia mtu anatamba kwamba siku hizi kuna umeme "safi" wa makaa ya mawe, mimi humuuliza swali moja tu: bili analipa nani?

Twende Marekani, jimbo la Mississippi, kaunti ya Kemper. Mwaka 2010 walianza kujenga mtambo uliokuwa gumzo. Ujanja wake ulikuwa huu: makaa hayachomwi hivi hivi. Kwanza yanageuzwa kuwa gesi, gesi inachujwa, na asilimia kama 65 ya hewa ukaa inanaswa kabla haijafika angani. Iliyonaswa inapelekwa kwenye visima vikongwe vya mafuta, inasukumwa chini, mafuta yaliyogoma yanatoka. Umeme huku, mafuta kule. Poa kabisa!

Wapi! Gharama iliyokadiriwa chini ya dola bilioni 3 ikapaa hadi bilioni 7.5. Mitambo ya kugeuza makaa ikaleta kasheshe, tarehe zikasogezwa weee, na gesi asilia nayo ikashuka bei. Mwaka 2013 wateja wakapandishiwa bili hata mtambo haujakamilika. Bahati yao, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema warudishiwe chao. Juni 2017 wenye mtambo wakanyoosha mikono, wakabaki kuchoma gesi asilia tu. Oktoba 2021 ile sehemu ya makaa ikalipuliwa kwa baruti. Vumbi tupu!

Msinione nina roho mbaya. Kanada wapo waliofanikiwa, japo si sana. Mtambo wa Boundary Dam ulianza kunasa hewa ukaa Oktoba 2014. Pale wanauosha moshi kwa dawa maalumu baada ya makaa kuungua. Walilenga tani milioni 1 kwa mwaka, lakini mwaka baada ya mwaka wakawa wanapata pungufu. Tena kazi hiyo ya kuosha inakula sehemu ya umeme ule ule unaozalishwa!

Kwa hiyo kunasa kunawezekana, hilo sibishi. Ubishi wangu uko kwenye mfuko. Akija mtu kukuuzia makaa safi, mbane: unanasa kiasi gani? Unaificha wapi? Ikishindikana, hasara ya nani? Akianza kujiumauma, mwenzangu, shika pochi yako!